Jiwe la Mugere na hadithi za kuizunguka dunia

Kilomita chache kusini mwa Kanyosha kuna jiwe lenye majina ya wasafiri wawili ambao habari zao zilisomwa duniani kote. Makala hii inaeleza walikuja kutafuta nini katika ufuo huu, hadithi mashuhuri za safari zilichukua nini kutoka huku, na ni akina nani waliotembea njia hizo hizo bila majina yao kuchongwa popote.

Msafiri anayetoka Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, akaifuata barabara ya Rumonge kandokando ya Ziwa Tanganyika, hufika Mugere kabla hajachoka kukaa garini. Kushoto kwake ni milima, kulia ni ziwa, na ng'ambo ya ziwa, siku isiyo na ukungu, huonekana milima ya Uvira upande wa Kongo. Kwenye mteremko unaotazama maji limekaa jiwe kubwa la asili. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871.

Wapo wakazi wa jiji wanaoamini kwamba hapo ndipo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipomkuta Dakta David Livingstone na kumwamkia kwa ile salamu iliyokuja kuwa mzaha wa dunia nzima. Haikuwa hivyo. Wawili hao walikutana Ujiji, karibu na Kigoma ya leo, na kwa hesabu ya Stanley ilikuwa tarehe 10 Novemba. Mugere walifika zaidi ya wiki mbili baadaye, wakiwa pamoja ndani ya mtumbwi. Wakalala hapo siku mbili, wageni wa mtawala aliyeitwa Mukamba, kisha wakaendelea kaskazini. Jiwe linasema kweli, mradi lisiongezewe maneno. Na kuhusu ile salamu yenyewe, Livingstone hakuitaja katika maandishi yake, na kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu siku hiyo zimechanwa.

Mto unaingia au unatoka?

Swali lililowaleta lilikuwa fupi: je, mto Rusizi unaingia katika ziwa au unatoka humo? Leo mvuvi yeyote wa ndagala atalijibu bila kuinua macho kutoka kwenye wavu wake. Wakati ule wataalamu wa London walikuwa wamegombana kwa ajili yake kwa miaka zaidi ya kumi. Iwapo Rusizi ulitoka ziwani na kuelekea kaskazini, basi huenda Tanganyika ndilo lilikuwa chimbuko la mto Nili, na aliyeliona kwanza angekuwa ametegua kitendawili kilichowashinda watu tangu enzi za Wagiriki wa kale. Iwapo uliingia, hoja hiyo ilikufa.

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Uvira mwezi Aprili 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba Rusizi unaingia. Hawakufika mdomoni mwa mto kuuona. Baadaye walipokosana, Speke akilitetea ziwa alilolipa jina la Victoria na Burton akimpinga, jibu la wenyeji wa Uvira likageuka tena kuwa swali. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mwezi Septemba 1864, siku moja kabla ya kikao ambacho wawili hao walitarajiwa kujadiliana hadharani katika mji wa Bath. Livingstone ameandika kwamba safari ya kaskazini mwa ziwa ilifanywa kwa sababu Stanley alimweleza kuwa Sir Roderick Murchison, mkuu wa Chama cha Kifalme cha Jiografia, alilipenda jambo hilo. Wakiwa mtumbwini hawakujua kwamba Murchison alikuwa amefariki London mwezi uliotangulia.

Shajara ya Livingstone ina tukio dogo ambalo kila mtu anayeishi kwa kutafsiri maneno ya wengine atalitambua. Siku moja kabla ya kufika kwa Mukamba alikuja mtu mmoja, mwungwana, yaani mmojawapo wa watu wa pwani au wa msafara waliokuwa wakizungumza Kiswahili. Akawahakikishia wageni kwamba maji yote ya Tanganyika yanatoka kwa njia ya Rusizi na kwenda hadi ziwa la Ukerewe. Alieleza kwa ufasaha ambao haukuacha shaka. Kesho yake, tarehe ile ile iliyochongwa kwenye jiwe, mtu huyo huyo akasema kwa uhakika ule ule kwamba maji ya Rusizi yanaingia Tanganyika. Livingstone alishangaa, na bila shaka wapo waliolisoma jambo hilo kama ushahidi kwamba mwenyeji hana neno la kuaminika. Lakini yawezekana mtu huyo aliulizwa siku ya kwanza kwa namna iliyobeba jibu ndani yake, akampa mgeni alichoonekana kukitaka, na siku ya pili akiwa kijijini kati ya watu wanaoujua mto akasema kilichokuwa kweli. Jina lake halikuandikwa.

Siku chache baadaye mtumbwi uliingia mdomoni mwa Rusizi na wapiga makasia wakalazimika kushindana na mkondo. Mto unaingia. Tarehe 13 Desemba msafara ulikuwa umerudi Ujiji, siku 28 baada ya kuondoka. Kile walichoambiwa Burton na Speke mwaka 1858 kilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Fedha za kubebwa mabegani

Kitabu cha Stanley kuhusu safari hiyo kilitoka London mwezi Novemba 1872 na kikanunuliwa kwa pupa. Katika mwezi huo huo, mjini Paris, gazeti la Le Temps lilikuwa likichapisha kila siku sehemu ya hadithi mpya ya Jules Verne: habari za Mwingereza Phileas Fogg, aliyeweka dau kwamba ataizunguka dunia kwa siku 80. Wasomaji wa miji hiyo miwili walikuwa, kwa majuma yale yale, wakisoma safari ya kweli ya polepole na safari ya kubuni ya kasi.

Tofauti ya mwendo inaeleweka ukitazama mzigo. Fogg alisafiri na mkoba mmoja uliokuwa na noti za pauni elfu 20. Kila alipofika palikuwa na meli, reli, hoteli na mtu wa kuzipokea noti zake. Hilo halikuwa ndoto ya mwandishi: mwaka 1869 pekee ulikuwa umefungua mfereji wa Suez na kukamilisha reli ya kuvuka Marekani, na India nayo ilikuwa imeanza kuvukika kwa treni kutoka Bombay hadi Calcutta. Verne aliunganisha tu ratiba.

Stanley alitoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 na kufika Ujiji baada ya siku zaidi ya 230. Fogg angeweza kuizunguka dunia karibu mara tatu kwa muda huo. Bara halikuwa na noti. Sarafu yake ilikuwa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga za aina mbalimbali na waya wa shaba, na kila nchi ilikuwa na upendeleo wake. Shanga iliyopokewa Ugogo iliweza kukataliwa Ujiji. Kwa hiyo pesa ya kununulia chakula na kulipia hongo kwa watawala wa njiani ilibidi ibebwe. Mzigo wa Stanley ulikaribia tani sita, na kila mpagazi alichukua takriban kilo 32. Watu wapatao 190 walianza safari wakiwa wamegawanywa katika makundi matano, kirangozi mbele na nyapara nyuma. Kati ya mizigo hiyo nyingi yake ilikuwa ni gharama ya kuipeleka mizigo mingine. Msafara ulipofika Tabora ukakuta vita vya Mirambo vimeifunga njia, na miezi ikapotea.

Maneno haya, hongo, mpagazi, posho, merikani, yamo katika vitabu vya Burton, Speke na Stanley bila kutafsiriwa, kwa sababu hapakuwa na maneno mengine ya kuyataja mambo hayo. Msomaji wa London aliyeifuata safari alijikuta akijifunza msamiati wa biashara wa Kiswahili akiwa amekaa kando ya moto wake. Mara chache hutajwa kwamba vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza lakini safari zenyewe ziliendeshwa kwa Kiswahili.

Verne alizifuatilia safari hizi kwa karibu. Riwaya iliyompa jina, iliyotoka Januari 1863, inasimulia habari za Dakta Fergusson na wenzake wawili wanaoruka kwa puto la gesi kutoka Zanzibar na kuvuka Afrika hadi Senegal kwa wiki tano. Burton na Speke wanatajwa humo kwa majina, na puto linapita juu ya Tabora, ambayo wakati huo iliitwa Kazeh, kisha juu ya ziwa la Ukerewe hadi linakoanzia Nili. Kitabu kilifika madukani kabla habari za Speke kwamba ameyaona maporomoko ya chanzo hicho hazijafika London. Verne mwenyewe hakuwahi kukanyaga Zanzibar. Puto lake lilikuwa na faida moja kubwa kwa mtunzi: halikuhitaji wapagazi. Watu wa chini walibaki kuwa umati unaopiga kelele na kuudhania mpira huo kuwa ni mwezi ulioshuka. Hapo ndipo hadithi hizi zilipoanza kuwa nyepesi kuliko safari zilizozizaa.

Siku iliyopatikana na siku zilizopotea

Siri ya ushindi wa Fogg inajulikana, lakini inastahili kuelezwa kwa sababu wakazi wa Bujumbura wana mfano wake karibu. Fogg alirudi London akidhani amechelewa, kumbe kalenda ya jiji ilikuwa nyuma ya hesabu yake kwa siku moja. Alikuwa amesafiri kuelekea mashariki muda wote, akilikabili jua. Kila digrii moja ya longitudo ilimpunguzia dakika nne katika siku yake. Mduara wa dunia una digrii 360. Zidisha kwa dakika nne, utapata saa 24 kamili. Alikuwa ameona macheo mara moja zaidi ya rafiki zake waliobaki nyumbani.

Jambo hilo liliwahi kuwashtua watu halisi. Mabaharia 18 wa msafara wa Magellan waliorejea Uhispania mwaka 1522 walikuwa wamezunguka kuelekea magharibi, na walipouliza siku walikuta wamepungukiwa na moja. Tena, wapo wanahistoria wanaoona kwamba huenda mtu wa kwanza kuukamilisha mduara wa dunia hakuwa baharia wa Ulaya. Huenda alikuwa Enrique, mtumwa na mkalimani ambaye Magellan alimpata Malaka mwaka 1511, akampeleka Ulaya, kisha akamchukua tena kwa kupitia magharibi hadi visiwa ambako wenyeji walimwelewa aliposema.

Kwa mkazi wa Kanyosha, mfano ni mpaka wa Mugina. Anayevuka kwenda Manyovu na Kigoma husogeza saa yake mbele kwa saa moja, ingawa Kigoma iko karibu chini ya jua lile lile la Bujumbura. Saa hiyo haitoki mbinguni. Imewekwa na serikali, kwa kuwa Burundi inafuata majira ya Afrika ya Kati na Tanzania ya Afrika Mashariki. Siku ya Fogg nayo ni vivyo hivyo: jua halikuongeza kitu, ni mahali pa kuanzia hesabu ndipo palipoamua.

Na tarehe ya jiwe la Mugere? Hiyo ni ya wasafiri walioafikiana. Kabla ya kuonana hawakuwa na kalenda moja. Shajara ya Livingstone inaweka kufika kwa Stanley mwishoni mwa Oktoba, takriban wiki mbili kabla ya tarehe inayotajwa na Stanley. Miaka ya homa na upweke ilikuwa imeichafua hesabu, na Stanley pia aliugua njiani. Fogg alipata siku moja kwa kuizunguka dunia. Hawa wawili, wakiwa wamekaa katika kibaraza kimoja cha Ujiji, walihitilafiana kwa siku zaidi ya kumi.

Waliozunguka kwa miguu

Ikiwa tunatafuta watu wa eneo hili waliosafiri kwa kiwango kinachofanana na hadithi, hatuna haja ya kubuni. Sidi Mubarak Bombay alizaliwa miongoni mwa Wayao kwenye miaka ya 1820 au karibu na hapo, akatekwa angali mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa Zanzibar na kisha India. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Zanzibar na kuingia katika jeshi la Sultani. Mwaka 1857 akaajiriwa na Burton na Speke. Speke hakukijua Kiswahili, kwa hiyo yeye na Bombay walizungumza Kihindustani, lugha ambayo mmoja aliipata jeshini na mwingine utumwani, na kwa njia hiyo ya mzunguko ndivyo maswali kuhusu Nili yalivyowafikia watawala wa maziwa makuu.

Bombay alikuwa na Burton na Speke walipoliona Ziwa Tanganyika mwaka 1858, akawa na Speke na Grant walipoifuata Nili, akawa na Stanley katika kumtafuta Livingstone. Kisha, kuanzia mwaka 1873, akaongoza wapagazi wa Verney Lovett Cameron kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi ile ya Atlantiki. Wazungu wachache wa zama zake walikuwa na jumla kama hiyo. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpa nishani ya fedha na posho ya uzeeni. Haikuwa heshima tupu iliyomfuata njiani, kwani Speke aliwahi kumpiga ngumi hadi akapoteza meno ya mbele, na Stanley naye alimchapa. Vitabu vya mabwana zake vinamcheka mara kwa mara, kisha katika ukurasa unaofuata vinamkabidhi msafara mzima.

Safari ya pili ya Stanley, ya mwaka 1874 hadi 1877, ndiyo iliyoufunga mduara. Waungwana waliotoka Zanzibar walifika Ziwa Victoria, wakafika Tanganyika, wakaufuata mto Lualaba usiojulikana unakwenda wapi, wakashuka nao kupitia maporomoko na mapigano hadi Boma, karibu na Atlantiki, tarehe 9 Agosti 1877. Zaidi ya nusu ya walioanza hawakuwepo tena; wengine walikufa kwa maji, risasi, njaa na ndui, wengine walitoroka. Wazungu watatu waliofuatana na Stanley walikufa wote. Nahodha wa mashua, Uledi, aliwaokoa wenzake wengi waliokuwa wakizama. Waliobaki walipakiwa melini, wakapita Luanda na Rasi ya Tumaini Jema, na mwishoni mwa Novemba 1877 wakateremka Zanzibar kutoka upande wa pili wa ile bahari waliyoipa mgongo miaka mitatu kabla. Walikuwa wameuzunguka upande wote wa kusini wa bara la Afrika, nusu kwa miguu na mitumbwi, nusu kwa meli. Wachache wao ndio wanaojulikana kwa majina.

Haifai kuwafanya watu hawa malaika wala kuifanya misafara kuwa matembezi. Njia za wapagazi zilikuwa pia njia za pembe na za watumwa. Livingstone alirudi Ujiji mwaka 1871 akiwa amevunjika moyo kwa sababu mwezi Julai aliona kwa macho yake wafanyabiashara wakiwaua watu, wengi wao wanawake, katika soko la Nyangwe. Burundi kwa sehemu kubwa iliepuka, kwa kuwa utawala wa Mwami Mwezi Gisabo haukuwaruhusu wafanyabiashara wa Ujiji kuingia ndani ya nchi, ingawa vijiji vya ufuoni viliteseka. Kumbukumbu hiyo ni sehemu ya sababu kwa nini neno Mswahili, katika vinywa vya baadhi ya watu wa Bujumbura, limebeba maana ya ujanja na hila. Wasemaji wa Kiswahili wa Buyenzi na Bwiza wanaifahamu lawama hiyo. Lakini lugha ile ile ilikuwa ya mtekaji na ya aliyetekwa. Bombay aliuzwa kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili aliongoza watu huru na watumwa hadi Atlantiki.

Vitabu vilivyokwenda Ulaya

Je, hakuna aliyeandika kwa upande wao? Wapo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na tafsiri. Ni masimulizi makavu, ya mtu anayehesabu pembe na vita kama mfanyabiashara anavyohesabu madeni. Mwaka 1887 Tippu Tip alipanda meli pamoja na Stanley na mamia ya watu kutoka Zanzibar, wakapita kusini mwa Afrika hadi mdomo wa mto Kongo, kisha miaka michache baadaye akarudi nyumbani kwa kulikata bara. Naye pia alifunga mduara, kwa mwelekeo wa kinyume na ule wa watu wa mwaka 1877. Msomaji wa leo hataweza kuyasoma maisha yake bila kukumbuka chanzo cha utajiri wake.

Mwaka 1901, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, mwalimu wa Kiswahili Carl Velten alichapisha mkusanyo wa safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Sleman bin Mwenye Chande anaeleza safari ya biashara kutoka pwani kwenda bara, na jinsi faida ilivyoweza kuyeyuka kwa hongo moja. Katika mkusanyo huo ipo pia safari ambayo ingemvutia Verne: Selim bin Abakari, mtumishi mwenye asili ya Ngazija, alimfuata bwana wake Mjerumani, Theodor Bumiller, mwaka 1896 kupitia Urusi hadi Siberia, na katika marejeo akapitia nchi za Waislamu za Asia ya Kati. Anatazama mavazi, farasi, chakula, sala na baridi, na anavipima kwa kipimo cha pwani ya Afrika. Kwa mara moja mtazamaji na mtazamwaji wamebadilishana viti.

Tatizo ni mahali vitabu hivyo vilipokwenda. Vilichapwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kijerumani waliokuwa wakijiandaa kuja kutawala, vikabaki katika maktaba za vyuo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, wakati shule za Afrika Mashariki zilipotafutiwa vitabu vya kusoma kwa Kiswahili sanifu, Frederick Johnson aliwatafsiria wanafunzi hadithi za Kiingereza: Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kisiwa chenye Hazina, Safari za Gulliver. Zilipendwa, na kwa haki, maana tafsiri zake zilikuwa za Kiswahili kizuri na wazee wengi bado wanamkumbuka bahari John Silver. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa Ujiji au Tabora alimjua Gulliver, ambaye hakuwahi kuwepo, na hakumjua Selim, aliyefika Siberia na kurudi na kuandika habari zake kwa lugha ile ile aliyoizungumza kijana huyo nyumbani.

Maji ya Kanyosha yanakwenda wapi

Kitendawili kilichowaleta Stanley na Livingstone hakikuisha kwa kuujua Rusizi. Ikiwa mto unaingia, na mito mingine yote ya ufuo inaingia, basi maji yanatoka wapi? Jibu lilipatikana mwezi Mei 1874, pale Cameron, akiwa na Bombay, alipouona mto Lukuga kwenye ufuo wa magharibi, karibu na Kalemie ya leo. Huo ndio mlango pekee wa kutokea wa Ziwa Tanganyika, nao huelekea Lualaba, kisha Kongo.

Nili nayo haikuwa mbali kama walivyodhani. Chimbuko lake la kusini kabisa limo ndani ya Burundi yenyewe, Rutovu, katika eneo la Bururi, ambako piramidi ndogo ya mawe ilijengwa mwaka 1938. Maji ya hapo hushuka kwa Ruvubu na Kagera hadi Ziwa Victoria, na hatimaye Bahari ya Kati. Wasafiri wale walipokuwa wakipiga makasia chini ya milima ya Burundi, chanzo walichokitafuta kilikuwa nyuma ya milima hiyo hiyo, mkono wao wa kulia.

Mto Kanyosha, unaopita kwenye mtaa uliobeba jina lake na ambao wakazi wa kingo zake wanaujua vizuri zaidi kwa mafuriko kuliko kwa jiografia, ni wa upande mwingine wa mgawanyo huo. Unaingia Tanganyika. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hupotea angani kwa jua. Yale machache yanayotoka hupita Lukuga, huifuata njia walioishuka Uledi na wenzake, na kumwagika katika Atlantiki chini kidogo ya Boma.